Viatu vya Marehemu Kwenye Oveni

Noah ya abiria wa Baray ilikuwa ndiyo kwanza inatoka Karatu mjini. Muuza mikate aliyekaa mbele yangu, ndoo mapajani, alikuwa akimlalamikia mama aliyekaa kando yake kwamba oveni yake inanuka na wateja wameanza kumkimbia.

Yule mama ana duka la vyombo, kwa hiyo alijihesabu fundi. "Inanuka mayai viza? Basi gesi inavuja." Haikuwa hivyo. "Panya wamezalia nyuma yake." Panya nao hawakuwemo.

"Inanuka mpira ulioungua," muuza mikate akasema. "Marehemu mume wangu, Sebastian, alikuwa dereva wa watalii. Akirudi kutoka kreta kalowa, nikishatoa mikate yeye anaingiza viatu vikauke. Siku moja soli ikayeyukia mle ndani."

"Sasa hilo nalo la kukusumbua, mdogo wangu? Loweka na magadi, ukwangue na kisu."

"Kukwangua najua, mama. Ila nikiwasha tu, watoto wanasema baba karudi."

Mama wa vyombo alitazama nje kidogo. Alipomgeukia tena, sauti ilikuwa ya upole, maneno hayakuwa. "Watu wananunua mkate, hawanunui marehemu. Hao watoto watakula nini?"

"Na hilo najua."

Gari likasimama njiapanda, akashuka na ndoo yake. Nilikuwa na mkate wake nilioununua stendi. Nilisubiri apotelee kwenye mahindi, ndipo nikausogeza puani.