Mama Matone, Muuguzi Aliyeonja Kila Chupa

Ndugu, jamaa, majirani na akina mama wa kliniki, nimepewa dakika chache kumwelezea marehemu dada yangu. Yeye mwenyewe hakupenda hotuba ndefu, kwa hiyo nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mpishi wa shule ya bweni. Sisi wadogo zake alianza kutuamrisha kabla hajajua kuandika jina lake.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1977 akaingia chuo cha uuguzi. Baadaye, akiwa tayari mama wa watoto wawili, alirudi darasani kusomea lishe. Wanafunzi wenzake walimwamkia shikamoo kila asubuhi, halafu wakajaribu kunakili majibu yake. Shikamoo aliipokea, majibu akayafunika. Alihitimu mwaka 1991.

Kazi aliianza Januari 1981, katika wodi ya watoto njiti. Desturi yake ilikuwa moja: kabla ya kumpa mtoto matone ya dawa yoyote, aliyaonja kwanza. Ndipo akapewa jina la Mama Matone. Siku alipopelekwa ukweni kutambulishwa, mwaka 1984, alitoka moja kwa moja kazini, ameonja matone ya madini ya chuma aina tatu. Alipotabasamu, meno yalikuwa meusi ti. Mama mkwe akamvuta mwanawe pembeni, akamwuliza, "Huyu binti anatafuna nini?" Mwanawe, fundi umeme wa hospitali, akajibu, "Dawa za watoto wa watu, mama." Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1985.

Watoto njiti waliruhusiwa kwenda nyumbani wakifika kilo mbili, na wengi walikua vizuri. Lakini dada aliona wengine wakirudi baada ya miaka mitatu minne, wamekonda, hawajibu wakiitwa, wanakula aina moja tu ya chakula. Walikuwa na usonji. Huku wazazi wanaambiwa mtoto anadeka, kule wanaambiwa hana shida, atakula akiona njaa. Mwaka 1996 akaomba chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, akaweka mizani na meza, akafungua kliniki ya kila Alhamisi. Kila mtoto alipimwa damu kwanza. Aliyepungukiwa chuma alipewa chuma, aliyehitaji vitamini D alipewa hiyo, asiyeongezeka uzito alipewa maziwa ya unga yaliyoongezwa nguvu. Asiyepungukiwa kitu hakupewa kitu, hata mama yake anune.

Mwaka 2009 akaja mshona nguo mmoja na binti yake wa miaka mitano, aliyezaliwa na gramu 1,300. Mtoto alikula biskuti kavu na wali mweupe, basi. Damu ilikuwa chini sana, na kila tone la dawa alilitema. Wiki hiyohiyo muuzaji mmoja aliruhusiwa kupanga makopo yake ukumbini, akisema unga wake unaondoa usonji kwa miezi mitatu. Akina mama wakapanga foleni, mshona nguo akiwemo. Dada akaenda akasimama mbele yao.

"Umewapa watoto wangapi?" akamwuliza muuzaji.

"Wengi, dada yangu."

"Wangapi? Majibu yao ya maabara yako wapi?"

Muuzaji akaanza kupanga upya makopo yake. Dada akawageukia akina mama. "Mimi sina dawa ya kuondoa usonji, na huyu hana. Mimi ninamlisha mtoto ili awe na nguvu ya kujifunza. Anayetaka hilo, anifuate."

Mkubwa mmoja wa hospitali aliyemkaribisha muuzaji alichukia, na chumba kikafungwa miezi minane. Dada aliendesha kliniki kwenye benchi la nje ya chumba cha kufulia, mizani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Pale benchini aligundua kwamba binti yule hakuchukia dawa, alichukia kijiko cha bati. Akamwekea matone kwenye kifuniko cha chupa, cha plastiki, rangi ya njano. Akanywa. Baada ya miezi minne damu ilikuwa imepanda. Usonji haukuondoka, na dada hakuahidi hivyo. Leo binti huyo ana miaka ishirini na moja, anakunja na kupanga vitambaa katika duka la mama yake, na hakosei rangi.

Marehemu alistaafu 2018 ila hakuacha kwenda. Saratani ya tumbo iligunduliwa Novemba 2023. Aliposhindwa kula, wauguzi aliowafundisha walimletea maziwa ya unga. Akaonja, akasema, "Yana mabonge. Koroga tena." Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa ameshika mkono wa mumewe. Alikuwa ameagiza asizikwe Alhamisi, mama yeyote asije akapoteza zamu. Ndiyo maana tuko hapa leo Ijumaa. Jana kliniki ilifunguliwa, watoto kumi na tisa wakapimwa.

Ameacha mume, mtoto wa kike na wa kiume, wajukuu wanne, sisi wadogo zake wawili, na wauguzi sita wanaoonja kabla ya kutoa.

Pumzika kwa amani, dada. Umechoka kwa haki.