Sahihi Ambayo Mama Odile Tshilombo Hakuitoa

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, Mama Odile Tshilombo anastaafu, baada ya kufanya kazi katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Kolwezi kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza mwaka 1994 akipanga herufi za risasi kwa mkono. Tangu alipopewa meza ya usahihishaji, hakuna tangazo la mgodi, mtihani wala kadi ya harusi iliyoingia mashineni kabla hajatia sahihi kwenye karatasi ya mwisho, ile tunayoiita bon à tirer. Kuna bwana harusi mmoja wa Lubudi ambaye hadi leo hajui kwamba kadi zake nusura zimtangaze kuwa mume wa mama mkwe wake.

Lakini kazi yake kubwa ni ile aliyoikataa. Mwaka jana Tata Mpoyi, mtengenezaji wa sabuni na mteja wetu mkubwa, aliomba lebo yenye picha ya kizamani. Karani mmoja, ambaye ndiye anayeandika haya, aliipata kwenye intaneti: kadi ya rangi ya Marekani, ya miaka ya 1880, yenye mtoto mweusi ndani ya beseni, na kuanzia shingoni kwenda chini amekuwa mweupe. Karani alidhani ni povu.

Lebo ilipofika mezani kwake kutiwa sahihi, Mama Odile aliiinamia akiwa na kioo chake cha kukuza.

"Hii haiko povu, mwana. Ni ngozi yake."

Alikuwa amesoma habari za kadi hizo katika historia ya uchapaji. Maduka ya Marekani yalizigawa bure pamoja na sabuni, uzi na wanga. Watu weusi walichorwa na midomo iliyovimba na macho yaliyotoka nje ili mnunuzi mweupe acheke, na familia zikazibandika kwenye albamu. Rangi za lebo yetu zilikuwa safi kabisa, bila kosa la uchapaji. Lakini akaweka kalamu chini bila kutia sahihi.

Tata Mpoyi alikuja amekasirika, maana karatasi ya kuchapia lebo zake ilikuwa imeshakatwa.

"Mama, ni kicheko tu!"

"Tata Mpoyi, mama yako alikuoshaka mu bassin miaka ngapi? Ulitokaka mweupe?"

Karakana nzima ikaangua kicheko, na mwishowe Tata Mpoyi pia. Lebo iliyoko sokoni leo ina binti yake, Gloire, mwenye povu hadi viwikoni na rangi yake ile ile.

Mkurugenzi akataka kujua nani aliyechagua picha ile, ili amfukuze. Karani alisimama. Mama Odile akamtangulia kusema.

"Huyu sasa anajua kuangalia. Ukimufukuza, utaleta mwingine mwenye hajaona bado."

Barua ya kufukuza haikuandikwa.

Mama Odile anakwenda Sandoa, kwenye shamba lake la mihogo. Kuanzia Jumatatu, meza yake itakuwa ya karani yule. Anaogopa, na ataangalia kila picha mara mbili. Asante, Mama. Upumzike vizuri, mihogo yako istawi, na siku zako ziwe nyingi na za furaha.