Alichokuwa Akisoma Binti wa Fundi

Benchi la pale kona, mbele ya kinyozi, limeegemezwa tofali upande mmoja, na aliyelizoea anajua akae wapi. Siku hiyo walilikalia watatu: Kinyozi mwenyewe, ambaye hajawahi kukosa jibu la kitu chochote duniani, Bomba, fundi wa mabomba, mbishi tangu tumboni mwa mama yake, na katikati yao Fundi, mshona suti, kahawa inampolea mkononi. Binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu chuoni, alianguka darasani juzi, hakuamka tena. Kesho wanazika. Fundi atasimama mbele za watu aseme mwanawe alikuwa nani, na tangu asubuhi amekwama mahali pamoja tu: hivi alikuwa anasoma nini hasa?

— Si hesabu? Sema hesabu, yaishe, alisema Bomba.

— Haiishi. Hata muuza duka anapiga hesabu.

— Kwani mwenyewe alikuwa anasemaje?

Fundi alikunja uso.

— Aljebra. Halafu kuna kugeuza. Unageuza kitu, ukikigeuza tena kinarudi kilivyokuwa.

— Shati! alidakia Kinyozi. Ndani nje, nje ndani. Mtoto kakufuata wewe, Fundi.

— Shati gani mtu analipiwa ndege akaliongelee? Bomba alibisha. Hizo ni namba za siri za benki, bwana. Unaigeuza isisomeke, unaigeuza tena isomeke.

— Alisema pia wanakisogeza, Fundi alisema. Kidogo tu, waone kama bado ni kilekile.

Kinyozi akainuka, benchi likayumba.

— Hapo ndo penyewe! Huyo ni binadamu. Wanamsogeza kidogo kidogo mpaka anakuwa mwingine, halafu wanamgeuza, anarudi kijana! Wakubwa wanajua, wanatuficha tu.

— Kwa hiyo hata maiti... Bomba alijiziba mdomo. Nisamehe, Fundi. Mdomo wangu huu.

Fundi hakukasirika. Laiti ingekuwa kweli, angelala mlangoni kwa hao wakubwa mpaka wamgeuzie mwanawe.

Msichana mmoja mwenye begi begani alisimama mbele yao, macho yamemvimba.

— Shikamooni. Namtafuta baba yake mwalimu wa hesabu.

— Marahaba. Ndiye mimi, mama.

Msichana akachuchumaa, akamshika mikono yote miwili.

— Pole sana, baba. Mimi nilikuwa nafanya naye kazi, meza moja.

— Afadhali umekuja! Kinyozi alisema. Alikuwa anafanya nini?

— Kuna aljebra ambazo kanuni zake hazishiki sawasawa. Zinashika kwa viraka, na kila kiraka kina kiraka chake. Za kwake, juu ya hayo yote, zinajigeuza. Alitaka kujua zinaweza kusogezwa vipi bila kupoteza huko kujigeuza. Tulikwama kwenye kizuizi kimoja, tukakata tamaa kabisa. Siku moja kabla hajaanguka akaniandikia: "Kizuizi kimeondoka! Nimempigia baba nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, kaelewa. Kesho nakuonyesha."

Akajifuta pua kwa kiganja.

— Kila kitu alikuwa anakijaribu kwako kwanza. Alisema ukielewa wewe, basi yuko sawa. Hakukiandika popote, baba, nimetafuta mpaka nimechoka. Alikuambia kiliondokaje?

Kinyozi alimtazama Bomba. Bomba alitazama chini.

Fundi aliikumbuka vizuri ile simu. Aliiweka juu ya cherehani, spika wazi, huku anapiga pasi kola. Mtoto anaongea, anaongea, na kila akipumua yeye anaitikia, ehee mwanangu, ehee. Hakushika hata neno. Alikuwa anaifurahia sauti tu. Mwisho akaulizwa, umenielewa baba? Akajibu, nimeelewa kabisa.

— Alicheka, Fundi alisema. Alicheka sana siku ile.

— Ndiyo, baba. Halafu akasemaje?