Mama Matangi na Samaki Aliokataa Kuwamwaga

Mama Matangi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia maabara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia kama msafisha matangi ya samaki. Anatoka akiwa fundi mkuu ambaye hata madaktari humwomba ruhusa kabla ya kuwasha taa.

Samaki wetu ni wadogo kuliko kidole, na wanadeka kupita kiasi. Mama hupima joto la maji kwa kiwiko, ndipo hukiangalia kipimajoto. Kiwiko na kipimajoto viliwahi kutofautiana mara mbili, na mara zote mbili tulinunua kipimajoto kipya. Tena hamwagi vifaranga wa samaki waliomaliza kazi ya utafiti mpaka amchungulie kila mmoja kwenye hadubini. Mwenyewe anaita kuwaaga.

Desturi hiyo nusura imponze. Miaka kumi na miwili iliyopita tulizalisha samaki ambao miili yao ilishindwa kutengeneza vizuri seli shina za damu, zile tulizodhani huzaa seli nyingine zote za damu, zikiwemo za kinga. Tukajiaminisha kwamba seli za kinga nazo hazitakuwepo, tukaagiza wamwagwe. Mama akawaaga, kisha akatangaza kwamba seli za kinga zipo, chache lakini zinachapa kazi. Msimamizi wa maabara akaja juu: mama huyu kachanganya matangi! Barua ya kumwachisha kazi ikaandikwa siku hiyohiyo.

Mama alizalisha wengine, wenye kasoro na wazima, akamwomba mhasibu ayape matangi alama za siri, akahesabu seli kwa wiki tatu bila kujua yupi ni yupi. Alama zilipofichuliwa, samaki wenye kasoro walikuwa na seli za kinga katika kila tangi. Vipimo zaidi vilionyesha kwamba zilitokana na seli za awali kabisa za kiinitete, bila kupitia seli shina. Daktari mkuu alicheka kwa furaha mpaka akavua miwani, na jina la Mama likaingia kwenye ripoti.

Barua je? Mama aliikuta kwenye printa haijasainiwa, akaikunja, na mpaka leo inakaa chini ya kikombe chake cha chai. Hajawahi kuitaja.

Msimamizi yule ndiye anayeandika maneno haya. Mama, nilikukosea, na miaka yote hii nimeona haya kukuambia. Wajukuu wakuchoshe kwa vicheko, na afya isikupungukie. Asante kwa kutonimwaga na mimi.