Vidole Vinne Begani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo hakuna muziki wa taratibu nyuma ya sauti yangu. Fundi mitambo alikuwa ameuandaa, nikamwambia auzime. Nimeingia humu ndani nimekasirika na sioni kwa nini niwafiche.

Fundi Penseli amefariki dunia. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwa mdogo wake wa kiume, akiwa na miaka sitini na saba. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Fundi Penseli, yule mama wa studio ya ghorofani, juu ya duka la vitambaa, fundi wa kurekebisha picha, hatunaye tena. Mazishi ni kesho saa nane mchana.

Mimi na yeye tulikuwa na kesi. Nalisema mapema, asije mtu akadai nampaka marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama huyu alinikosea kuliko mtu yeyote aliyewahi kunikosea, na bado mimi ndiye niliyeomba kusoma kumbukumbu yake. Mtaelewa huko mbele.

Alianza kazi akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Enzi hizo picha zilirekebishwa kwa mkono. Negativu, ile filamu yenye picha, inawekwa juu ya kioo chenye taa chini yake, fundi anainama na penseli iliyochongwa mpaka inachoma, anaziba chunusi na makunyanzi nukta kwa nukta. Jina la Penseli lilitoka hapo. Kompyuta zilipokuja, mafundi wa rika lake walisusa. Yeye akajifunza. "Dada alikuwa anaongea na ile mashine," ananiambia mdogo wake. "Anaiambia, mikono unayo mingi kunishinda, lakini macho utayatoa wapi?"

Na macho alikuwa nayo. Nimeiona kwa macho yangu picha moja ya harusi iliyoingia maji ya mafuriko, bwana harusi hana nusu ya kichwa. Alikaa nayo siku nne. Akarudisha nywele, akarudisha kola, shavu lililokwenda na maji akalitengeneza kwa kufuata lile lililobaki. Sikio likamshinda. Ikabidi aombe picha ya kaka wa bwana harusi, achukue sikio huko. Mjane wa bwana harusi alipokuja, aliishika ile picha akalia. Fundi akamgeuzia upande wa nyuma asome. Kwa penseli alikuwa ameandika: "Kola na nusu ya uso nimetengeneza mimi. Sikio la kulia si lake, ni la kaka yake." Mjane akacheka na machozi yake usoni. Akasema shemeji huyo alipenda kujiingiza kila mahali, sasa kaingia mpaka kwenye picha ya harusi.

Ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila picha aliyoigusa, nyuma aliandika alichogusa. Hutaki aandike, anakurudishia picha yako kama ilivyokuja. Kuna ofisi moja walimletea picha ya mkutano wao, ukumbi nusu mtupu, wakataka awajazie watu. Akawajibu, "Nitawajaza. Na nyuma nitaandika kwamba watu sabini hawakuja." Wakabeba picha yao wakaondoka wamenuna.

Sasa niwaambie desturi hiyo ilianzia wapi. Ilianzia kwenye kosa, na kosa lenyewe lilinipata mimi.

Nilikuwa na miaka mitano wazazi wangu walipoachana. Baba akaoa tena. Siku moja akapanda ngazi za ile studio na picha yetu ya familia: baba, mama, na mimi katikati na gauni la mikono mifupi. Akasema, "Huyu mtoe." Fundi Penseli alikuwa na kompyuta mpya, ana ujuzi mpya, kichwa kimemvimba, anatafuta pa kuuonyesha. Hakuuliza kitu. Akamtoa mama yangu. Pale aliposimama akalivuta pazia la studio likafunika, na kusema kweli alilivuta vizuri. Mikunjo imelala, kivuli kimekaa sawa, huwezi kujua. Baba akaichukua picha mpya, ile ya zamani akaichanachana. Nakala iliyobaki kwenye kompyuta, Fundi aliifuta wiki hiyo hiyo apate nafasi ya kazi nyingine.

Mama alifariki mwaka uliofuata, mbali na sisi. Picha yake nyingine haikuwepo. Nimetafuta kwao, nimetafuta kwa rafiki zake, nimepanga foleni kwenye ofisi za vitambulisho. Hakuna. Wasikilizaji wapendwa, sijui sura ya mama yangu. Narudia, maana watu wakisikia mara moja hudhani natia chumvi. Mimi, mtu mzima, sijui sura ya mama yangu mzazi.

Kilichobaki ni vidole vinne. Kwenye ile picha, begani kwangu, kuna vidole vinne vya mtu ambaye hayupo. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza baba ni vya nani. Akaniambia ni mkunjo wa gauni. Mkunjo una kucha.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilipanda zile ngazi, picha mkononi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikumwamkia. Niliiweka picha mezani nikamwuliza, "Huyu ulimpeleka wapi?" Akaitazama. Akanitazama mimi, akalitazama bega langu. Akavuta kiti akakaa.

Mwenzenu nilikuwa nimeshajitungia hadithi yangu. Nilitaka aniambie kwamba vile vidole aliviacha makusudi, kwamba alimwonea huruma yule mtoto akamwachia kitu. Nikamwuliza hivyo hivyo, karibu nimtilie maneno mdomoni. Angeitikia tu, nami ningemrukia shingoni siku ile ile. Akasema, "Hapana, mwanangu. Nisikudanganye. Nilivisahau. Akili yote ilikuwa kwenye pazia."

Nikamwambia, basi mrudishe. Kompyuta inaweza. Chukua sura yangu, mwongezee miaka, mvalishe gauni, msimamishe pale pale. Akakataa. "Nikikutengenezea utampenda," alisema. "Utamlilia mtu niliyemtunga mimi hapa kwenye kiti hiki. Nimeshakuibia mmoja. Wa bandia sikupi." Nikamtukana matusi ambayo nikiyataja hapa kituo hiki kitafungiwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akachukua penseli, akaigeuza picha yangu, akaandika nyuma. Ile ndiyo picha ya kwanza aliyoiandika. Kuanzia siku hiyo hakuacha.

Sikumsamehe. Nilirudi mwaka uliofuata, nikarudi na mwaka mwingine, nikawa mtu wa kupanda zile ngazi. Nilikuwa nakunywa chai yake na kumkumbusha: sijakusamehe, mama. Naye anajibu huku anachonga penseli, "Usiharakishe."

Haya. Sasa nije kwenye kilichonipandisha hasira wiki hii.

Fundi Penseli alizaliwa na baka jeusi usoni. Linaanzia chini ya jicho la kushoto linashuka mpaka kwenye taya. Mtu yeyote aliyewahi kupanda zile ngazi analijua. Jumatano, ukurasa wa kituo hiki, ndiyo, hiki hiki ninachosemea, uliweka picha yake ya tanzia. Nikamwuliza mwenzangu wa dawati la mbele, huyu ni nani? Baka hakuna. Ngozi laini utadhani sahani. Miaka ishirini imekatwa, meno yameng'arishwa, hata shingo imenyooshwa. Nikamfuata anayeshughulika na ukurasa. Akaniambia ndivyo ilivyoletwa na familia, na isitoshe watu wameipenda. Watu wameipenda. Wamempenda nani?

Nikampigia mpwa wake, mtoto wa yule mdogo wake wa kiume. Ndiye aliyeilainisha kwenye simu, dakika mbili tu. Akasema, "Nilitaka shangazi apendeze." Nikamwuliza nani alimwambia hapendezi. Sikumwonea huruma, wasikilizaji, nisijifanye mwema. Nilimwambia aende studio, aitoe ukutani ile picha aliyoinakili kwa simu, aigeuze.

Baada ya saa moja akapiga yeye. Sauti imepungua. Nyuma ya ile picha, kwa penseli, imeandikwa: "Huyu ni mimi. Hapa sikugusa kitu." Miaka yote ilikuwa inaning'inia pale mbele ya uso wa kijana huyo, hakuwahi kuigeuza. Akampa simu baba yake. "Dada hakulificha baka lile hata kwa poda," aliniambia. "Miaka sitini na saba amelivaa. Sisi tumemvua siku moja tu baada ya kufa."

Picha ile kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza ilikuwa imeshachapwa. Mpwa ameiweka kando. Lakini kabla ya kuiweka aliigeuza akaandika nyuma yake, "Baka la shangazi nililitoa mimi," na tarehe. Kesho itatangulia ya kweli. Ukurasa wetu nao umebadilisha asubuhi hii, baada ya mimi kugonga meza. Ya uongo imeshasambaa, siwezi kuikusanya. Ukiiona kwenye simu yako, usiitume kwa mwingine.

Kwa mdogo wake, kwa mpwa wake, kwa wote waliomwita dada na shangazi, poleni sana. Poleni kwa msiba, na poleni kwa simu yangu ya juzi. Nyinyi wengine, leo mkifika nyumbani fungueni albamu. Fungueni na simu. Tafuteni aliyetolewa, tafuteni aliyelainishwa, na kama ni wewe uliyefanya, chukua kalamu uandike kabla hujasahau alikuwa wapi.

Tangu Jumanne watu wananiuliza kama sasa nimemsamehe. Bado. Aliniambia nisiharakishe, na mimi ni mtu wa kusikia. Lakini baba alikufa bila kunitamkia kwamba nilikuwa na mama, na nyumbani kwetu jina la mama halikutajwa. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniandikia habari zake. Picha yangu ninayo hapa mezani. Naigeuza, naisoma kama ilivyo:

"Nilimtoa mwanamke aliyesimama hapa kulia. Sikuuliza ni nani. Mtoto nilimwona. Hivi vidole vinne ni vya mama yake."