Kidonda Ambacho Hakikuandikwa Daftarini

Dada yetu Laurence Mukasine, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 4 Mei 1956 huko Nyakiriba, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Rugwiro, akabebwa mgongoni kwenda ukimbizini Tanganyika mwaka 1960, akasoma Ngara, kisha akasomea uuguzi Bukoba, akahitimu Desemba 1978. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Hakizimana, wakajaliwa Régis na Uwase.

Walirudi nyumbani mwaka 1995, na Januari 1996 akaanza kazi katika kituo cha utengamao hapa Gisenyi, kinachowasaidia waliokatwa miguu watembee tena, ambako muuguzi, daktari, fundi wa miguu ya bandia na mtaalamu wa mazoezi huandika habari za mgonjwa katika daftari moja, na kila mmoja hulisoma kabla ya kumgusa mgonjwa. Yeye mwenyewe aliagiza tusifiche kwamba alimwonea wivu Kadiri, mtaalamu wa mazoezi, mtoto wa Goma mwenye maneno matamu, kwani Laurence alisafisha vidonda, lakini mgonjwa akisimama, asante zote zilikwenda kwa Kadiri.

Ijumaa tarehe 6 Machi 1998 aliona kidonda kwenye kigutu cha mguu wa mgonjwa mmoja, kijana Cyuzuzo, akakiandika kwenye kijitabu chake cha mfukoni, si daftarini, ili Jumatatu amwumbue Kadiri mbele ya daktari kwamba hakukiona. Jumamosi Kadiri alisoma daftari, hakukuta neno, akamtembeza Cyuzuzo, kidonda kikapasuka, mguu ukakatwa tena. Laurence alikiri mbele ya wote, na Kadiri aliuliza tu, "Mama Régis, ulikuwa unajua?" Tangu hapo Laurence aliandika daftarini hata lengelenge dogo, na Cyuzuzo alipotembea Novemba, wote wakimpigia Kadiri makofi, dada naye alipiga, huku amenuna.

Figo zilianza kumsumbua Juni 1999, akafariki Jumanne tarehe 19 Oktoba.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Rugerero na wenzake kazini, lakini aliagiza jina la Kadiri lisomwe kabla ya yote, ndilo hilo nalisoma kwa kuchelewa, na tena aliagiza asipewe nafasi ya kuzungumza, maana anajua kuongea, watu wangesahau anayezikwa ni nani. Hilo la pili familia imelikataa. Kadiri, karibu mbele useme yote unayoyajua, nawe dada, usinune, pumzika kwa amani.