Mwezi wa Marcelline wa Kupanda Meli

Ignatia, muuza kofia wa bandarini, alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha basi dogo la kwenda Castries. Mbele yake alikiona kisogo cha Marcelline, jirani yake wa meza ya biashara na hasimu wake wa miaka kumi. Marcelline, bila kugeuka, alikuwa akimweleza abiria asiyemjua kwamba mwakani naye atapanda meli ya watalii.

"Nenda Septemba, dada," alisema yule bwana, aliyewahi kupika melini. "Bei inakuwa nusu."

"Nusu bei, tufani nzima! Mimi nataka Februari."

"Februari meli zimejaa pomoni. Basi Mei, bahari imetulia."

"Mei nani atanitazama, kaka? Nataka nishuke hapa hapa Castries, bandari imefurika watalii, nimevaa miwani myeusi. Niende kwa Ignatia, nijaribu kofia zake zote, nimwambie 'nitarudi,' halafu nisirudi."

Basi zima likacheka. Ignatia nusura acheke pia, maana hiyo "nitarudi" ameisikia kwa watalii mara elfu. Ila kofia zilikuwa zake.

"Yaani unasafiri kwa hilo tu?" yule mpishi aliuliza.

"Kwani wewe ulipikia watu wenye sababu gani?"

Basi likasimama bandarini. Ignatia akainama hadi sikioni mwa Marcelline.

"Njoo Februari hiyo hiyo, shoga. Wateja wako wa msimu wa watalii usiwahofie. Nitawauzia mimi."

Dereva alimwita Marcelline mara mbili ashuke.